Muulize Alikunywa Lini Mara ya Mwisho

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki na hotuba nyingi. Asanteni. Ni ajabu kwamba mtu akishaacha kazi ndipo anapewa saa, lakini nimeitundika sebuleni hapa Yamumbi na inatembea vizuri. Katika hotuba nilisikia kwamba mimi ni mama wa wodi, nguzo ya wodi, na mengine ambayo kwa kawaida mtu husemewa akiwa ndani ya jeneza. Kazi yenyewe haikutajwa. Basi nikaona niandike mwenyewe, hasa kwa nyinyi vijana mnaoingia wodi ya wanaume. Mimi nguvu zangu nilizimalizia pale, na wengi niliowauguza waliletwa na pombe, hata kama kadi zao zilisema kitu kingine.

Nilifika nikiwa msichana mwembamba, kofia imekazwa kwa pini, viatu vyeupe vinaniuma. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa West Indies na mwenzangu mmoja, na asubuhi hiyo chai ilinishinda kwa hofu. Msimamizi wa wodi alikuwa Mzee Tanui, nesi mwanamume mrefu wa upande wa Cheptiret. Mzee mwenyewe alikuwa bado hajaota mvi, lakini alitembea na kuongea kizee, na hata madaktari walimwita hivyo. Hakuniuliza nilisomea wapi. Alinipeleka moja kwa moja kitanda cha mlangoni, alipokuwa amelazwa mkulima mmoja aliyeletwa akiwa bado na nguo zake za shambani.

"Usimwangalie uso," akaniambia. "Angalia miguu."

Mguu mmoja ulikuwa na gambuti. Mwingine ulikuwa mtupu, umechanwa na changarawe, damu imekaukia kwenye vidole.

"Baba, kiatu kingine kiko wapi?" Tanui akamwuliza.

Yule mtu akainua kichwa, akajiangalia. "Si nimevaa?"

Kiatu kilikuwa kimebaki kwenye tope huko kwao, na yeye alitembea mpaka barabarani bila kujua. Tanui akanieleza pole pole, huku anamwosha. Chang'aa ikizoea mwili, huanza kula mishipa ya miguu. Kwanza nyayo zinawaka moto, mwenyewe anadhani ni baridi au funza. Halafu zinanyamaza, naye anafurahi kwamba amepona. "Watu wanafikiri pombe inaanzia kichwani," akasema. "Inaanzia mahali ambapo mtu haangalii." Nilishika lile beseni la maji nikatamani kurudi kwetu Yamumbi, dukani kwa baba, nikauze sukari.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na cha kwanza hakikununuliwa popote. Kila mgonjwa, awe mwalimu au mchunga ng'ombe, Tanui alimwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimetandazwa. Vidole vikitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayoanza kuchemka, huyo mwili wake unadai pombe. Viganja vikianguka na kuinuka vyenyewe, kama mtu anayeaga, huyo ini lake limechoka na sumu imefika kwenye ubongo. Baadaye ndipo unaangalia macho kama ni ya manjano, unagusa tumbo kama limejaa maji. Kulikuwa na mgonjwa mmoja wa tumbo la maji ambaye kila tukimtoa maji ndoo nzima alikuwa anasema, "Sista, pole pole, hiyo ni pombe yangu ya busaa mnamwaga." Wodi yote ilicheka. Alitapika damu mchana mmoja tukiwa tunagawa chakula, na hatukuweza kumwokoa. Bado namkumbuka kwa sababu siku hiyo alikuwa ameniahidi kuniletea mahindi mabichi.

Lakini jambo kubwa nililofundishwa na Mzee Tanui lilikuwa swali. "Usimuulize anakunywa kiasi gani," alisema. "Atakudanganya, na hata si kwa ubaya. Hajui. Muulize alikunywa lini mara ya mwisho."

Nitaeleza, kwa sababu kuna wengine wenu bado mnalichukulia kimzaha. Mwili wa mtu aliyekunywa sana kwa miaka umejifunza kuishi na pombe. Akili yake inasukumwa chini kila siku, nayo inajifunza kusukuma juu. Sasa ondoa pombe ghafla. Kile kinachosukuma juu hakina wa kukizuia. Mtu anatokwa jasho, anatetemeka, anaweza kuanguka kifafa. Ikipita siku mbili tatu anaanza kuona mchwa kwenye blanketi na nyoka kwenye dari, moyo unakimbia, joto linapanda, na wengine wanakufa hapo. Ndiyo, wanakufa kwa kuacha. Mlevi kama huyo aache, lakini aachishwe na watu wanaojua, kwa dawa za kumtuliza na sindano za vitamini, kwa sababu pombe ilishamaliza vitamini ya ubongo zamani. Watu hawapendi kusikia habari hii. Hata mimi sikuipenda.

Na huku kwetu mnajua watu wanavyoacha pombe. Wanaachia kanisani. Mtu anasimama Jumapili mbele ya washirika wote, anasema imetosha, analia, mama yake analia. Kisha ndugu wanamsindikiza nyumbani na hawamwachi. Wanafunga naye na kuomba, wanamfungia mlango ili marafiki wa kilabuni wasimfikie. Ni upendo huo, msiucheke. Mimi mwenyewe nimeokoka, na Mungu na sindano sijawahi kuwaona wakigombana. Shida huja katikati ya wiki, jamaa anapoanza kupigana na ukuta. Wanasema pepo amekataa kutoka, wanaongeza maombi. Mwishowe wakimleta kwetu, ukiuliza habari za pombe, mke anakukatalia kabisa. Hanywi. Ameokoka. Kwake yeye kusema mume alikunywa juzi ni kuufanya ushuhuda uwe uongo.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa primary aliyeletwa hivyo, anaokota vitu hewani kwa vidole viwili. Kadi ilisema malaria ya kichwa. Mama yake alisimama pembeni ya kitanda na Biblia kifuani. Nilimwuliza kama mwanawe hunywa, akaniangalia kama nimemtukana. Tanui akasogea, akamsalimia vizuri kwa lugha yao, akamwuliza mambo ya nyumbani. Halafu akasema, "Mama, mimi siulizi kama anakunywa. Nauliza, aliokoka lini?"

Uso wa yule mama ukafunguka. "Jumapili hii, daktari! Mbele ya kanisa lote."

Tanui akanigeukia. "Umesikia alikunywa lini mara ya mwisho?"

Jumamosi. Tulimtibu kwa hiyo Jumamosi, akapona. Tangu siku hiyo swali langu likawa hilo, na mama hakuna aliyewahi kulikasirikia.

Jambo lingine ni kupokezana wodi. Siku hizi naona mnakabidhiana mlangoni, mmoja amevaa koti la kwenda, mwingine anachapa simu. Kwa Tanui hilo halikuwepo. Mlitembea kitanda kwa kitanda. Anayetoka anasema, anayeingia anaangalia kwa macho yake, anagusa dripu, anamsalimia mgonjwa. Mkifika kitanda cha mwisho anayeingia lazima atamke, "Nimepokea." Bila neno hilo hutoki, hata kama mvua inakuja na nguo zako ziko kwenye kamba. Mara moja nilitikisa kichwa tu. Aliniambia turudi kitanda cha kwanza.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Miaka ilikwenda na Mzee Tanui akaanza kuweka mikono mfukoni. Kuweka dripu akaniachia mimi: "Sista Wanjiku, wewe una macho ya kijana." Thamosi yake ya chai haikuwahi kupoa wala kutoa mvuke. Alitafuna peremende asubuhi. Baadaye akaanza kutembea miguu ikiwa imeachana, anagusa vitanda akipita, kama mtu anayehesabu. Jamani, wodi ile ilikuwa imejaa watu ambao kazi yao ilikuwa kuijua pombe. Wote tuliona.

Nilimfuata stoo ya mashuka, nikafunga mlango. "Mzee," nikamwambia, "nyoosha mikono."

Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, mikono ikabaki mfukoni. "Mikono yangu unaijua, Sista."

"Basi ulazwe. Wiki moja tu. Mimi mwenyewe nitakuhudumia, na hakuna atakayeuliza."

"Nilale kitanda gani? Kile cha mlangoni?" Akachukua shuka, akalikunja vibaya, akalirudisha. "Kila mtu niliyemwosha atakuja kuniangalia nikioshwa. Hapana, mama. Niache nimalize."

Nilimrudia tena na tena, na jibu halikubadilika. Hatimaye akaomba kustaafu mapema, akarudi shambani kwake Cheptiret.

Ilikuwa imepita kama mwaka hivi, Jumanne moja, tukiwa kwenye chai, mwenzetu mmoja akaingia na furaha usoni. "Mmesikia? Mzee Tanui ameokoka! Jumapili alisimama mbele ya kanisa akatubu pombe." Wote wakasema Bwana asifiwe. Mimi nikaweka kikombe chini. Jumapili, na leo Jumanne. Nilimwomba mwenzangu anishikie wodi, nikatoka na sare yangu hivyo hivyo mpaka Cheptiret.

Nilikuta kina mama wa kanisa wameketi uani, wamejifunga leso, wanaimba. Mke wake, Mama Chebet, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya stoo ya mahindi. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Kutoka ndani nilisikia sauti ya mwanamume akitoa amri.

"Chamgei, Sista," akanisalimia, lakini hakuinuka. "Karibu. Ila Mzee huwezi kumwona sasa. Yuko vitani."

"Amekula?"

"Amefunga. Sisi wote tumefunga."

"Na ameanguka?"

Aliwaangalia wale kina mama kwanza. "Jana pepo alimwangusha. Na leo asubuhi tena."

"Mama Chebet, hiyo ni pombe inatoka mwilini. Mzee anaijua. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi."

"Kama aliijua," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, "mbona yeye mwenyewe alisema nimfungie humu, na nisifungue hata akilia?"

Jibu nililijua. Alikuwa ameona afadhali afie kwenye stoo yake kuliko kuoshwa kwenye wodi yake. Sikuweza kumwambia hivyo mwanamke wa watu, kwenye boma lake. Naye akaendelea. "Sista, nimeolewa hapa tangu nikiwa msichana. Jumapili ndiyo mara ya kwanza kumwona akisimama mbele ya watu bila aibu. Nikifungua huu mlango na aende akanywe, mimi nitaanzia wapi tena?"

"Ukikaa bila kufungua, jioni utafungua umtoe maiti."

Nililisema hivyo hivyo, wazi. Kuimba kukakoma. Mwanamke mmoja mzee katikati yao, mama wa mchungaji, akainuka akaja akamshika Mama Chebet bega. "Fungua, mama," akamwambia. "Tutaendelea kumwombea hata akiwa hospitali." Mama Chebet alihangaika na lile fundo la leso mpaka akalifungua kwa meno.

Magunia ya mahindi yalikuwa yamesimamishwa kwa mstari ukutani. Mzee Tanui alikuwa anatembea mbele ya mstari huo, shati limelowa jasho, mkono ukutani, miguu imeachana, macho yanacheza yenyewe kushoto na kulia. Alishika pembe ya gunia kwa vidole viwili, akainamisha kichwa. Alikuwa anapima mapigo ya moyo.

"Huyu apewe maji," akasema. "Nani ametoa dripu ya huyu? Nyinyi mnafanya nini humu?"

Wanaume wawili waliokuwa nyuma yangu walitaka kumkamata. Niliwazuia. Mtu aliye hivyo ukimkamata kwa nguvu anapigana mpaka moyo usimame. Nikaingia peke yangu, nikanyoosha sare yangu, nikasimama kama nilivyosimama kila asubuhi.

"Mzee, nimekuja kupokea wodi."

Alinyooka. "Umechelewa."

"Nisamehe, Mzee."

Tukaanza gunia la kwanza. Alinikabidhi yote, moja baada ya jingine: huyu ini, huyu amefanyiwa upasuaji, huyu mke wake anakuja saa sita asizuiwe. Niligusa kila gunia, nikalisalimia. Mama Chebet alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa leso. Tukafika mwisho wa mstari. Kulikuwa na blanketi sakafuni, alipokuwa amelala yeye.

"Na hiki kitanda?" nikauliza.

Aliinama, akanyoosha pembe ya blanketi. "Huyu watu wake wanasema hanywi."

"Alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Jumamosi jioni, Sista. Nilikunywa yote."

"Nimepokea," nikamwambia.

Hapo ndipo alipoachia ukuta. Nilimdaka nikaketi naye kwenye blanketi, mtu mzima yule, akalia kifuani kwangu mpaka pickup ya kanisa ikaletwa karibu. Wale wale waliokuwa wanaomba ndio waliombeba.

Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha mlangoni. Nilimwosha mimi mwenyewe, nimevuta pazia. Alipata sindano za vitamini na dawa za kumtuliza, akalala usiku kucha na siku iliyofuata, mapigo ya moyo yakashuka. Mikono ilitulia, macho yakaacha kucheza. Tulishukuru sana. Kisha asubuhi moja nikamwuliza amekula nini, akaniambia ametoka Kitale sasa hivi kununua ng'ombe dume, na barabara ilikuwa mbaya. Uji ulikuwa bado kwenye masharubu yake. Nilitoka nikasimama kwenye sinki na maji yakimwagika.

Si uongo ule, na msimkemee mgonjwa wa aina hiyo. Sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya imekufa, na akili inaziba lile shimo kwa chochote inachopata. Ya zamani yamebaki. Ya leo hayakai hata dakika ya kunywa chai. Wako wanaorudi kidogo kidogo. Tulimngoja arudi, hakurudi.

Anaishi. Anatembea kwa fimbo. Pombe hajaionja tena tangu Jumamosi ile, na Mama Chebet husema maombi yake yalijibiwa. Sina la kumpinga. Ila yule mume aliyeomba azeeke naye, hakumpata. Chebet, ambaye sasa ana watoto wake, akija kutoka Nakuru baba yake humsalimia kwa adabu, kisha humwuliza mkewe, "Chebet bado hajatoka shule?" Chebet alikuwa anamsahihisha zamani. Siku hizi anajibu mwenyewe, "Yuko njiani."

Wiki iliyofuata ile sherehe yenu nilimpelekea kipande cha keki. Tulikaa uani, yeye kwenye kiti chake kinachoelekea barabara. Alikula vizuri, akanisifia keki, akaniuliza natoka wapi.

"Yamumbi," nikamwambia.

"Yamumbi!" Akafurahi. "Nina msichana mmoja wa huko wodini kwangu. Mwembamba, mwoga sana. Lakini anaangalia miguu. Huyo atakuwa nesi."

Nikamwuliza, "Na leo wodi umemkabidhi nani, Mzee?"

"Yeye. Namngoja. Bado hajaniambia amepokea, na mimi siwezi kutoka kabla hajasema."

Nikaweka sahani chini. Nikashika mikono yake yote miwili, imetulia kabisa sasa, nikamwambia, "Nimepokea, Mzee. Nenda ukapumzike."

Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mama wa mgonjwa aliyechanganyikiwa kidogo.

"Si wewe, mama," akasema. "Yule msichana." Akageukia barabara, kuona kama anakuja.